Nyumba na shule: nani amfundishe mtoto wa Ubundu?

Mjadala kuhusu elimu ya nyumbani na elimu ya shule za umma una maswali mawili ambayo mara nyingi huchanganywa. La kwanza ni nani anayestahili kumfundisha mtoto: mzazi aliyemzaa au mwalimu anayelipwa na serikali. La pili ni nani mwenye mamlaka ya kusema kwamba mtoto huyo amesoma. Katika nchi tajiri swali la kwanza ndilo linalopigiwa kelele, kwa sababu shule zipo karibu na kila mtu, na mzazi anayemtoa mtoto wake darasani hufanya hivyo kwa hiari. Katika wilaya ya Ubundu, jimbo la Tshopo, kaskazini-mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, maswali hayo mawili huja pamoja. Wako watoto wanaofundishwa nyumbani kwa sababu wazazi wao wameikataa shule kwa imani. Wako wengi zaidi wanaobaki nyumbani kwa sababu shule iko mbali, au ipo bila mwalimu, au ina mwalimu ambaye hajalipwa.

Mji wa Ubundu, ambao Wabelgiji waliuita Ponthierville, uko kando ya mto Lualaba, upande wa juu wa maporomoko ya Boyoma. Maporomoko hayo ni saba, yamefuatana kwa urefu wa takriban kilomita mia moja, na hakuna meli inayoweza kuyapita. Kwa sababu hiyo ilijengwa reli ya kilomita 125 kati ya Kisangani na Ubundu, ikafunguliwa mwaka 1906. Reli inaanzia Lubunga, ng'ambo ya mto ukitoka katikati ya jiji, na inapokoma mizigo hushushwa na kupakiwa majini kuelekea Kindu, safari ya zaidi ya kilomita 300. Treni ilipoacha kupita kwa ratiba ya kutegemewa, pikipiki, baiskeli na mitumbwi vilichukua kazi yake. Nje ya mji kila upande ni msitu. Vijiji vya Wakumu, Walengola na Wamituku vimejengwa kandokando ya njia, na kati ya kijiji kimoja na kingine mtoto wa miaka sita anaweza kukuta mto usio na daraja. Mvua kubwa ikinyesha, mto huo hufunga njia ya shule kwa siku kadhaa. Mzazi wa huko hahitaji falsafa yoyote ya malezi ili mtoto wake abaki nyumbani, maji yanatosha.

Nyumba anamobaki mtoto huyo ina mafundisho yake, tena mazito. Mtoto wa Kigenia hujifunza mto kabla ya kujifunza herufi. Wagenia huvua samaki penye maji makali kwa migono mikubwa inayofungwa kwenye miti iliyosimikwa katikati ya mawe, na kila ukoo una mahali pake panaporithiwa. Kujua mahali pa kusimika mti, kujua mkondo unavyobadilika maji yanapopanda na yanaposhuka, kujua kusuka mgono usiopasuka, ni kazi ya miaka, na hakuna anayeijua bila kufundishwa na baba au mjomba. Upande wa msituni, mtoto wa Kikumu hufundishwa mitego, miti ya dawa, uyoga wa kula na uyoga wa kuua, na namna ya kufyeka na kuchoma shamba la mpunga bila kuuchoma msitu wa jirani. Msichana hufundishwa kuloweka muhogo hadi sumu itoke. Majira ya viwavi yanapofika, karibu na Agosti na Septemba, familia nzima huhamia msituni kuvikusanya, na vile vinavyokaushwa hulisha nyumba na kupelekwa sokoni Kisangani. Majira hayo hugongana na ufunguzi wa mwaka wa shule. Mwalimu huhesabu utoro, na mzazi anajua kwamba fedha za daftari na sare ya shule zinatoka kwenye viwavi hivyohivyo.

Juu ya mafundisho ya kila siku yalikuwepo, na kwa sehemu bado yapo, mafundisho ya jando. Wakumu wana gandja, ambayo ndani yake vijana hutahiriwa na kufunzwa wajibu wa mwanamume. Wamituku wana bwami, chama cha wakubwa chenye madaraja, kinachopandisha mtu hatua kwa hatua kwa mafunzo, malipo na ushuhuda wa waliotangulia. Mtafiti Mholanzi André Droogers alishuhudia jando la Wagenia wa Kisangani mwaka 1970 na kuliandikia kitabu kizima. Elimu ya namna hii ina walimu wanaojulikana, ina muda wake, ina majaribu ya kupita, na jamii nzima hutambua aliyehitimu. Anayesema kwamba kabla ya shule watoto wa huku hawakuwa na elimu hajui anachokisema. Pamoja na jando kulikuwa na chuo cha Kurani. Uislamu na Kiswahili viliingia pamoja katika miaka ya mfanyabiashara Tippu Tip na wenzake, waliokuwa na vituo kando ya Lualaba, kama Kibonge karibu na Kirundu, na hadi Stanley Falls, Kisangani ya leo. Katika familia za Kiislamu za eneo hilo mtoto alisomeshwa Kurani barazani kwa mwalimu, kwa ubao na wino, na huo ulikuwa usomaji wa maandishi wa kwanza kufika pale, kabla ya shule ya mzungu.

Shule ya darasa iliingia kwa mkono wa misheni. Mwaka 1906, mwaka uleule reli ilipofunguliwa, Dola Huru ya Kongo ya Mfalme Leopold wa Pili ilifanya mkataba na Vatikani: misheni za Kikatoliki zipewe ardhi, nazo zifungue shule. Katika miaka ya 1920 serikali ya kikoloni ikaanza kuzipa shule hizo ruzuku, wakati za Kiprotestanti ziliachwa zijitegemee hadi baada ya Vita Kuu ya Pili. Shule za serikali zisizo za dini, zilizo wazi kwa watoto wa Kiafrika, zilifunguliwa kwa wingi baada ya 1954 tu, Auguste Buisseret alipokuwa waziri wa makoloni. Baada ya uhuru Rais Mobutu alizitaifisha shule zote mwaka 1974, kisha mwaka 1977 akalazimika kuzirudisha mikononi mwa makanisa kwa mkataba ambao hadi leo ndio msingi wa mambo. Serikali huweka programu ya masomo, hulipa walimu na hukagua. Kanisa Katoliki, Waprotestanti, Wakimbangu na Waislamu huendesha. Shule za namna hiyo huitwa za mkataba, na nchini Kongo zinahesabiwa kuwa shule za umma.

Jambo hili hubadilisha sura ya mjadala. Kwingineko mzazi anayechagua elimu ya nyumbani kwa sababu ya dini huwa anaikimbia shule ya serikali isiyotaja Mungu. Mzazi wa Ubundu akisema shule ya serikali, mara nyingi anamaanisha shule inayoongozwa na padri, mchungaji au shehe. Imani haikosekani katika shule ya umma ya Kongo. Kinachokosekana ni vitu vya kawaida zaidi: mabenchi, vitabu, chaki na mshahara.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, uchumi wa Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, ulipoanguka, serikali iliacha kuwalipa walimu kitu cha maana. Migomo ilifunga shule kwa miezi. Makanisa na chama cha wazazi wa wanafunzi walikubaliana kwamba wazazi wachange fedha za kumpa mwalimu moyo, zilizokuja kuitwa primu. Ulikuwa mpango wa dharura. Ulidumu zaidi ya robo karne. Sehemu ya fedha hizo ilibaki shuleni, na sehemu ilipanda juu kwenye ofisi za usimamizi, ngazi kwa ngazi. Kwa hiyo kizazi kizima cha Wakongo kilisoma katika shule zilizoitwa za umma huku zikibebwa na nyumba. Muuza samaki wa Ubundu alimlipa mwalimu wa mtoto wake kwa samaki wake, kila mwezi, na mwezi aliokosa mtoto alifukuzwa darasani. Kwa watoto wengi wa miaka hiyo kukaa nyumbani kulikuwa adhabu ya umaskini, wala hakuna mzazi aliyekuchagua. Hapo ndipo inapoonekana kwamba hesabu ya watoto wasiokwenda shule haisemi chochote kuhusu mapenzi ya wazazi kwa elimu. Wazazi waliolipa shule bila serikali kwa miaka yote hiyo wameshajibu swali la kama wanaitaka shule.

Katiba ya 18 Februari 2006 ilitamka katika kifungu cha 43 kwamba elimu ya msingi katika shule za umma ni ya lazima na ni ya bure. Tamko hilo lilikaa karatasini hadi Septemba 2019, Rais Félix Tshisekedi alipoamuru ada ziondolewe katika shule za msingi za umma nchi nzima. Watoto walifurika. Darasa lililojengwa kwa wanafunzi arobaini lilipokea mara mbili au zaidi ya hao. Mwaka 2020 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 800 kusaidia mpango huo. Lakini walimu wengi, hasa wa shule za vijijini, hawakuwa kwenye orodha ya mishahara ya serikali. Hao hujulikana kama "vitengo vipya", wakiwemo watu waliofundisha miaka mingi bila kuandikishwa. Primu ilipoondolewa, walipoteza hata kile kidogo walichokuwa wakipata. Aliyeandikishwa naye ana taabu yake, kwani mshahara hulipwa kwa benki au wakala, na mwalimu wa kijiji cha mbali huacha darasa siku kadhaa kila mwezi kuufuata mjini. Siku hizo watoto hurudi nyumbani, na nyumba huendelea na mafundisho yake.

Sheria ya Kongo ina mvutano ndani yake. Kifungu hichohicho cha 43 kinachofanya elimu ya msingi kuwa ya lazima kinasema pia kwamba wazazi wana haki ya kuchagua aina ya elimu ya kuwapa watoto wao. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya 10 Januari 2009 inawawajibisha wazazi kumwandikisha mtoto shuleni bila ubaguzi. Sheria kuu ya elimu ya 11 Februari 2014 inarudia ulazima huo, inaweka elimu ya msingi ya miaka minane (sita ya shule ya msingi na miwili inayofuata), na inazungumzia shule za umma na shule binafsi zilizokubaliwa na serikali. Mzazi anayetaka kumfundisha mtoto mezani kwake anaweza kuitaja Katiba. Afisa wa serikali anaweza kumjibu kwa sheria ya 2009. Uzito uko upande wa afisa. Haki ya kuchagua inasomeka vizuri zaidi kama haki ya kuchagua kati ya shule na shule, ya Kikatoliki au ya Kiislamu, ya umma au binafsi, kuliko kama ruhusa ya kutokuwa na shule kabisa.

Ubelgiji yenyewe, iliyoacha alama kubwa katika sheria za Kongo, imekwenda njia nyingine. Huko lazima ni kusoma, wala si lazima kuketi darasani. Mzazi anaweza kufundisha nyumbani mradi atoe taarifa na mtoto apimwe na serikali. Ujerumani haikubali hata hilo: mtoto lazima aende shule, na mwaka 2006 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliunga mkono msimamo huo katika kesi ya familia ya Konrad, ikikubali hoja kwamba jamii ina haki ya kuzuia makundi yanayoishi yakiwa yamejitenga. Ufaransa ilikuwa ikiruhusu kwa taarifa tu, kisha kwa sheria ya Agosti 2021 ikaanza kudai kibali. Marekani ni kinyume: tangu 1993 elimu ya nyumbani ni halali katika majimbo yote, kwa masharti yanayotofautiana sana. Karibu zaidi, sheria ya Kenya ya elimu ya msingi ya 2013 inamtishia mzazi asiyempeleka mtoto shule kwa faini ya hadi shilingi 100,000 au kifungo kisichozidi mwaka mmoja. Hata hivyo wapo wazazi Wakenya, wengi wao wa mijini na wenye kisomo, wanaofundisha nyumbani, na ugomvi wao na serikali umefika Mahakama Kuu ya Nairobi.

Wazazi wa namna hiyo hawapo Ubundu. Waliopo, na ambao ni mfano halisi wa kuikataa shule, ni baadhi ya jamii za Kitawala. Dini hiyo ilizaliwa kutokana na mafundisho ya shirika la Kikristo la Watch Tower yaliyoingia Kongo kutoka kusini katika miaka ya 1920, ikaachana na chanzo chake na kuwa imani ya Waafrika wenyewe, yenye ahadi ya ukombozi. Mwaka 1944, Wabelgiji walipokuwa wakiwasukuma wanakijiji kwa kazi za lazima za vita, Bushiri Lungundu aliongoza uasi wa Wakumu wenye roho ya Kitawala katika maeneo ya Lubutu na Masisi. Uasi ulivunjwa kwa mkono mzito. Wafuasi walifungwa na kuhamishiwa mbali. Waliobaki, wengi wao, walijifunza kuishi ndani ya msitu mbali na macho ya dola. Baadhi ya vizazi vyao katika misitu ya Tshopo na Maniema hadi leo hukataa kodi, chanjo, kitambulisho na shule. Kwao shule ni mlango ambao dola huingilia nyumbani kwa mtu, na historia yao inaeleza kwa nini wanafikiri hivyo: shule waliyoiona kwanza ilikuwa ya misheni iliyokuwa bega kwa bega na utawala uliowapiga.

Mfano unaokaribiana na wao kwa nje ni Waamishi wa Marekani, jamii ya Kikristo inayoishi kwa kujitenga. Mwaka 1972 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua, katika kesi ya Wisconsin dhidi ya Yoder, kwamba Waamishi wasilazimishwe kuwapeleka watoto shule baada ya darasa la nane, kwa kuwa jamii yao huwaandaa vijana kwa maisha yao wenyewe. Lakini Waamishi wanasoma hadi darasa la nane na wana ardhi isiyonyang'anywa. Mtoto wa Kitawala asiyejua kusoma siku moja atakutana na mtu mwenye karatasi ya ardhi ya babu yake, karatasi ya Kifaransa yenye muhuri, na hatakuwa na uwezo hata wa kujua imeandikwa nini. Imani ya wazazi wake inastahili heshima, na machungu yao ni ya kweli. Lakini gharama ya kukataa huko hailipwi na wazazi.

Hoja ya ardhi ni nzito katika eneo hili. Februari 2023 ulizuka ugomvi kati ya makabila ya Wambole na Walengola, chanzo chake kikiwa ardhi iliyotolewa kwa ajili ya mashamba makubwa. Vita vilienea Lubunga na katika vijiji vya wilaya za Ubundu na Opala, watu wakauawa, nyumba zikachomwa, maelfu wakakimbilia Kisangani. Mjadala wa nyumba na shule hufika mwisho wake mahali kama hapo, kwa sababu elimu ya nyumbani inahitaji nyumba. Mtoto aliyelala kambini amepoteza shule na nyumba kwa pamoja, na baba aliyetakiwa kumfundisha mto au msitu hana tena mto wala msitu wa kumwonyesha. Hapo pia ndipo hoja yenye nguvu kuliko zote kwa upande wa shule ya umma inapoonekana. Nyumba hufundisha mtoto kuwa Mlengola au Mmbole, na ndivyo inavyopasa. Mahali pekee ambapo watoto hao wawili huketi benchi moja, husoma kitabu kimoja na kujuana kwa majina kabla ya kujuana kwa makabila ni darasani. Shule haikuweza kuzuia vita vile. Hakuna taasisi nyingine ya kila siku, hata hivyo, inayowakutanisha watoto wadogo wa pande zote kwa miaka sita mfululizo.

Upande wa nyumba nao una hoja zisizopaswa kupuuzwa. Ya kwanza ni lugha. Sheria inaagiza lugha za taifa, Kiswahili kikiwa mojawapo, zitumike katika miaka ya mwanzo ya shule, na Kifaransa kishike nafasi baadaye. Katika vijiji mtoto huanza na Kikumu au Kilengola, hupanda Kiswahili, kisha hudumbukizwa katika Kifaransa ambacho mwalimu mwenyewe mara nyingine hukisema kwa shida. Mtoto huweza kunakili ubao mzima bila kuelewa sentensi moja. Nyumbani kila anachofundishwa anakielewa, na akikosea anaona kwa macho yake kwamba mgono umevunjika au mtego haukukamata. Ya pili ni usalama, hasa wa wasichana. Njia ya kilomita nyingi msituni ni hatari, na nchini Kongo ni jambo linalojulikana kwamba wako walimu wanaodai miili ya wasichana ili watoe alama. Mzazi anayemrudisha binti yake nyumbani kwa hofu hiyo ana sababu, na jibu la kumtoza faini halitoshi. Ila hofu hiyo humwondoa msichana kwanza na humrudisha mara chache, na msichana wa miaka kumi na tatu aliyeko nyumbani huolewa mapema. Ulinzi unaotafutwa nyumbani hugeuka kuwa hatari nyingine.

Ya tatu ni kwamba shule humfundisha mtoto kuondoka. Julius Nyerere aliliona jambo hili mapema katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, alipolalamika kwamba shule za kikoloni zilimwandaa kila mtoto kwa ajili ya wachache watakaofaulu, na kuwaacha wengine wakidharau jembe la wazazi wao. Ubundu inazalisha vijana wa namna hiyo: hawakufika chuo kikuu cha Kisangani, na hawajui tena kusoma maji. Lawama hii ni ya haki. Dawa yake, hata kwa Nyerere, ilikuwa shule yenye shamba, wala haikuwa kuifunga shule.

Mwaka 2020 elimu ya nyumbani ilijaribiwa kwa nchi nzima bila kuchaguliwa na yeyote. Shule zilifungwa mwezi Machi kwa sababu ya korona, zikafunguliwa Oktoba, zikafungwa tena Desemba hadi Februari 2021. Masomo yalitolewa redioni, yakiwemo yale ya Radio Okapi, redio ya Umoja wa Mataifa iliyoanzishwa 2002, na kupitia simu kwa wenye intaneti. Mjini Kisangani familia zenye uwezo ziliita mwalimu aje nyumbani. Kwingine mzazi asiyejua kusoma aliambiwa asimamie masomo ya Kifaransa ya mtoto wake, mahali pasipo na umeme na ambapo betri za redio hununuliwa kwa kipimo. Jaribio lile lilionyesha kwamba elimu ya darasani ikihamishiwa nyumbani hufuata mali na kisomo cha wazazi. Nani ana redio, nani ana simu, nani ana mama aliyemaliza sekondari: hayo ndiyo yaliyoamua nani aendelee. Shule ya umma, hata ile yenye paa linalovuja, walau humweka mtoto wa mvuvi na mtoto wa mwalimu mbele ya ubao mmoja.

Swali la pili, la nani athibitishe kwamba mtoto amesoma, lina majibu nchini Kongo ambayo wazazi wengi hawayajui. Mtoto aliyechelewa au aliyeacha shule anaweza kuingia kituo cha kufidia masomo, kilicho chini ya wizara ya mambo ya jamii, ambako programu ya miaka sita ya msingi hufundishwa kwa miaka mitatu na mwanafunzi hufanya mtihani wa taifa wa kumaliza shule ya msingi kama wenzake. Kwa ngazi ya juu kuna mlango mwingine. Mtihani wa Serikali, ulioanza 1967 na ambao hutoa diploma ya kuingilia chuo kikuu, hauko wazi kwa wanafunzi wa shule pekee. Mtu aliyejisomea mwenyewe anaruhusiwa kujiandikisha kama mtahiniwa wa kujitegemea. Hufanya kwanza mtihani wa awali, na akifaulu huketi pamoja na wanafunzi wengine. Kwa njia hiyo dola imekubali, bila kusema wazi, kwamba elimu inaweza kupatikana nje ya darasa lake mradi ipimwe na mkono wake.

Mlango huo una kizingiti. Kujiandikisha kuna gharama, vituo viko mjini, na maswali ni ya Kifaransa na ya programu ya shule. Mgenia anayejua mto wote kwa moyo haulizwi swali hata moja kuhusu mto. Mabadiliko ambayo yangeifaa Ubundu zaidi ni ya kawaida na yanawezekana: kalenda ya shule inayotambua majira ya viwavi na ya mavuno, kituo cha kufidia masomo katika kila mji mdogo wa mtoni, mishahara inayolipwa karibu na mwalimu alipo, somo la mazingira linalofundishwa na wavuvi na wakulima wenyewe ndani ya saa za shule, na miaka ya mwanzo ya Kiswahili inayofundishwa kwa kitabu kilichochapishwa, si kwa kumbukumbu za mwalimu. Vitabu vya Kiswahili vya darasa la kwanza na la pili vikifika kwa reli au kwa mtumbwi kabla ya Septemba, mzazi anayejua kusoma Kiswahili ataweza kumsaidia mtoto jioni, na siku mto ukifurika somo litaendelea kwa kitabu kilekile.